Kwilti inafanya marinda nyuma? Anza kukagua bandi

Kwilti, yaani blanketi la matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja, ikitoka kwenye cherehani ina marinda mgongoni, lawama za kwanza huiangukia cherehani: meno yamelika, uzi umekazwa mno, sindano butu. Mara nyingi cherehani haina kosa. Kasoro iliingia mapema, pale matabaka matatu yalipotandazwa na kupigwa bandi, yaani kushikanishwa kwa muda kwa pini za kufungwa, uzi au gundi, na mishono ya kudumu imekuja tu kuifungia mahali pake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona, unairudisha kwenye chanzo chake, kisha unaeleza cha kufanya ikiwa kazi bado iko sakafuni na ikiwa imeshashonwa.

Tukisema uso, ni kitambaa cha juu kilichoungwa kwa viraka vya kitenge au vitambaa vingine. Pamba ni tabaka la kati, liwe la pamba halisi, la poliesta au mchanganyiko. Bitana ni kitambaa cha nyuma. Vipimo vyote vinafuata kwilti ya sm 150 kwa 200, inayotosha kumfunika mtu mzima mmoja. Kama yako ni ndogo au kubwa, piga hesabu kwa uwiano huo.

Kasoro imejitokeza lini?

Usifumue kitu kabla hujajibu swali hili, kwa sababu wakati wa kasoro kuonekana unafichua mengi kuliko umbo lake.

Kama uso ulikuwa na mawimbi kabla hujafunga pini hata moja, bandi haihusiki. Shida iko kwenye uso wenyewe au kwenye pamba. Kama kila kitu kilikuwa safi sakafuni, kisha pembe zikajikunja ulipobandua tepu, bitana ilivutwa kupita kiasi. Kama mikunjo imeanza cherehani ilipotembea, bandi ni chache au zimelegea. Na kama kwilti ilikuwa nzuri hadi siku ya kufuliwa, chunguza kupungua kwa vitambaa, rangi na gundi.

Marinda kwenye bitana

Hii ndiyo kasoro inayotokea zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu huioni hadi uigeuze kazi. Chanzo chake kikuu ni bitana iliyolegea wakati wa kutandaza.

Ili bitana ikae sawa, inahitaji sakafu ngumu na tambarare: vigae, saruji laini au meza. Zulia na mkeka havifai, kwani vina mbonyeo na vitaficha ulegevu ambao ungeuona mara moja kwenye kigae. Tandaza bitana upande mzuri ukitazama chini. Chukua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ubandike kwanza katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande unaoukabili, kisha pande mbili zilizobaki. Kutoka hapo tembea kuelekea pembeni, kipande cha tepu kila sm 15 hadi 20, ukibadilishana pande. Pembe huja mwisho kabisa. Anayeanza na pembe anakivuta kitambaa kwa mshazari, na mshazari huvutika kirahisi kuliko mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) au mshindio (nyuzi za upana). Bitana itaonekana imenyooka kumbe imepinda.

Halafu ijaribu. Weka kiganja katikati ya bitana, usukume taratibu kama sm 5. Kitambaa kikijikusanya mbele ya vidole na kufanya wimbi, kimelegea: bandua tepu upande mmoja na uinyooshe tena. Kikiwa kimekaza kama kimewambwa kwenye ngoma, umekivuta mno, na hilo lina sehemu yake hapa chini. Unachotaka ni kitambaa kilicholala bila wimbi, ambacho ukikibana kwa vidole viwili unaweza kukiinua kidogo.

Kingo za kitenge zilizofumwa kiwandani huchangia marinda kuliko watu wanavyodhani. Ukingo huo, penye jina la kiwanda na alama za rangi, umefumwa kwa kubana zaidi kuliko kitambaa kingine, na mara nyingi hupungua zaidi ukifuliwa. Ukiuacha ndani ya muungano wa bitana, muungano utafinyana na kitambaa cha jirani kitafura. Ukate sm 1.5 kila upande kabla ya kuunga, na muungano wenyewe upigwe pasi ukiwa umefunguliwa pande mbili ili usifanye tuta katikati ya kwilti.

Ukubwa nao una lawama. Bitana na pamba vizidi uso kwa sm 10 kila upande, yaani sm 170 kwa 220. Ziada hiyo inakupa mahali pa kubandika tepu na mahali pa kushika unaposhona karibu na ukingo. Kitenge chenye upana wa sm 115 hivi kinatosha ukikata vipande viwili vya sm 170 na kuviunga ili muungano upite kwa upana wa kwilti; yadi 4 zinamaliza kazi hiyo. Doti ya kanga ukiikata na kuiunga inakupa takriban sm 150 kwa 215, kwa hiyo kwa kwilti ya vipimo hivi haiachi ziada upande wa upana. Kanga itumie kwa kwilti isiyozidi upana wa sm 130, na uamue mapema pindo na jina vitakaa wapi, kwa kuwa pindo likitoka limepinda nusu sentimita tu, kila mtu ataliona.

Rinda limeshashonwa? Fumua kila mstari unaolikatiza, sm 8 hadi 10 kabla na baada yake. Usifumue hapo kwenye rinda tu, maana kitambaa kilichozidi kinahitaji nafasi ya kusambaa. Laza sehemu hiyo, sambaza ziada kwa vidole kuelekea pande zote, piga bandi za karibu karibu, kila sm 3, kisha shona upya. Ziada ikikataa kuisha, fumua mbele zaidi hadi mstari unaofuata. Rinda dogo la milimita 3 kwenye kwilti ya mtoto itakayofuliwa kila wiki, tungeliacha. Kwenye kwilti ya zawadi ya harusi, tungefumua.

Pembe zinajikunja ulipobandua tepu

Umemaliza pini zote, umebandua tepu, na kwilti nzima inajivuta kuelekea nyuma huku uso ukilegea na kufura. Bitana ilivutwa ikiwa imebandikwa, sasa inarudi kwenye kipimo chake cha asili na kuacha uso na pamba vikiwa vikubwa kuliko yenyewe. Mshindio una unyumbufu zaidi ya mtande, kwa hiyo kasoro hii huonekana zaidi upande mmoja wa kwilti kuliko mwingine. Ukiona hivyo, una uhakika wa chanzo.

Hapa hakuna njia ya mkato. Ukishona kazi hii kama ilivyo, kila mraba kati ya mishono utakuwa na kitambaa kilichozidi juu, na mguu wa cherehani utakisukuma hadi kikunjike. Fungua pini, tandaza upya. Kama umetumia pini 300, ni kazi ya saa moja na kidogo. Kufumua mishono ya kudumu ni kazi ya siku kadhaa.

Uso una mawimbi kabla hujaanza

Bandi haiponyi uso ulioshonwa vibaya. Uso ukiwa umelala peke yake sakafuni, bila kushikwa na kitu, unatakiwa utulie. Ukiwa na mlima katikati, vipande vya pembeni vimebana. Ukiwa tambarare katikati lakini kingo zinapunga, ukanda wa pembeni umezidi urefu.

Kingo zinazopunga hutokana na tabia ya kuushona ukanda kwanza na kukata ziada baadaye. Kitambaa kinavutika chini ya mguu wa cherehani, na ukanda wa sm 200 unaweza kuingiza sentimita kadhaa za ziada bila mshonaji kujua. Namna sahihi ni kupima uso mahali patatu (ukingo mmoja, katikati, ukingo wa pili), kutafuta wastani, kukata kanda mbili kwa kipimo hicho hicho, na kuziweka pini kuanzia katikati na ncha kabla ya kushona.

Ziada isiyofika sm 1 kwa upande mzima inaweza kupunguzwa: lowesha kidogo kwa maji ya kupuliza, sambaza ulegevu kwa vidole, kisha bonyeza pasi moto na kuinua. Usiiburute pasi, maana kuburuta ndiko kulikovuta kitambaa tangu mwanzo. Ziada kubwa kuliko hiyo, fumua ukanda na uukate upya sasa, kabla pamba haijaingia.

Nyuzi zilizobaki nyuma ya uso zipunguzwe wakati huu pia. Uzi mweusi uliosahaulika chini ya kitambaa cheupe utaonekana kwa maisha yote ya kwilti.

Mistari imepinda, pembe hazina mraba

Ukishatandaza pamba na uso juu ya bitana, pima kutoka pembe hadi pembe. Kwilti ya sm 150 kwa 200 ina bahati ya kuwa na jibu kamili: kila mshazari lazima uwe sm 250. Tofauti ya sm 1 kati ya mishazari miwili ni ya kawaida. Ikifika sm 3, uso umesukumwa upande.

Chanzo karibu kila mara ni mikono. Mtu anapiga magoti pembeni na kuulainisha uso kwa kuusukuma mbali naye, kila upande kwa nguvu tofauti. Weka alama kabla: kunja bitana, pamba na uso kila kimoja mara mbili, tia alama ndogo katikati ya kila upande, kisha linganisha alama hizo wakati wa kutandaza. Uso ulaze kwa kuushusha kutoka juu, watu wawili wakishika pembe nne, kisha uulainishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kwa kufuata mtande na mshindio. Ukiwa peke yako, ukunje uso mara nne, weka pembe ya mkunjo katikati ya pamba, na uufungue robo kwa robo.

Uso unasogea mbele ya mguu wa cherehani

Hii inastahili maelezo marefu, kwa sababu bila kuelewa kinachotokea utaongeza pini mahali pasipohitajika.

Meno ya cherehani yanaishika bitana na kuirudisha nyuma kwa kila mshono. Mguu, kwa upande wa juu, haushiki. Unateleza juu ya uso na kuukandamiza. Matokeo yake bitana inatembea haraka kuliko uso, na pamba laini iliyo katikati inaruhusu tofauti hiyo kuendelea. Ziada ya uso inasukumwa mbele ya mguu milimita kwa milimita, hadi inakutana na mstari uliokwisha kushonwa. Haina pa kwenda. Inakunjika hapo hapo, na ndiyo maana mikunjo ya juu hupatikana penye makutano ya mistari.

Bandi ndiyo inayozuia mwendo huo, na inazuia tu kama ziko karibu. Kipimo cha mafundi ni ngumi: ukiweka ngumi mahali popote juu ya kwilti, iguse pini. Hiyo ni kama sm 8 hadi 10, au inchi 3 hadi 4. Kwa pengo la sm 10 unahitaji pini 300 hivi. Kwa sm 8 unahitaji karibu 475. Kwilti ya mtoto ya sm 90 kwa 110 inameza pini 100. Anayetandaza kwilti ya mtu mzima na pakiti moja ya pini 50 ameshapanga kufumua.

Mahali pa pini pana umuhimu sawa na idadi yake. Kama utashona juu ya maungio ya viraka, weka pini katikati ya viraka. Kama utashona mistari ya mshazari, ichore kwanza, kisha weka pini kati ya mistari. Pini iliyokaa kwenye njia ya sindano utaitoa kabla ya kufika, na ukiitoa umeondoa kizuizi pale pale kinapohitajika.

Baada ya bandi, rekebisha cherehani. Mguu unaotembea, wenye meno yake ya juu, huvuta uso sambamba na bitana na kuondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kama huna, punguza mkandamizo wa mguu: kwenye cherehani nyingi nyeusi za kukanyaga kuna skrubu juu kabisa ya nguzo ya mguu, ilegeze mzunguko mmoja hadi miwili na ujaribu kwenye kipande cha matabaka matatu. Refusha mshono hadi milimita 3. Anza na mistari ya katikati, kisha nenda nje kwa kila upande, na mistari iliyo jirani uishone ikielekea upande mmoja. Mstari mmoja ukienda juu na unaofuata ukienda chini, eneo kati yake litajisokota, hata bandi ziwe nzuri kiasi gani.

Egemeza uzito wa kwilti pia. Sehemu inayoning'inia kutoka mezani inavuta kila kitu upande wake, na mvuto huo unalegeza bandi kabla sindano haijafika. Kiti kilichowekwa kushoto kwa meza kinasaidia sana.

Bandi za uzi zinanasa au zinakatika

Kwa kwilti itakayoshonwa kwa mkono tunapendelea bandi za uzi kuliko pini: hazina uzito, hazizuii fremu ya kushonea, na zinaweza kukaa miezi bila kuharibu kitu. Chini ya cherehani, hata hivyo, vidole vya mguu wa cherehani hunasa uzi wa juu uliolala mrefu.

Kama mguu unanasa, bandi zako ni ndefu mno. Urefu wa sm 4 hadi 5 unafaa kwa mkono. Kwa cherehani shuka hadi sm 2 au 3. Kama uzi unakatika unapokunja kwilti, ulivutwa hadi ukabana. Bandi hukaa juu ya kitambaa bila kukifinya. Ukiona vishimo kila sindano inapoingia, legeza. Kama matabaka yanateleza ingawa bandi ni nyingi, huenda zote zimeelekea upande mmoja. Zinatakiwa zikatize, mistari ya urefu na ya upana, pengo sm 10, kuanzia katikati. Mtandao huo kwa kwilti yetu ni mistari 37, na uzi wake ni kama mita 75 pamoja na miisho.

Fundo katikati ya kwilti ni usumbufu wakati wa kufumua. Kata uzi wa sm 230, anza katikati ukiacha nusu yake ikining'inia, shona hadi ukingoni, kisha rudi utunge sindano kwenye nusu iliyobaki na uende upande wa pili. Mwishoni rudisha mshono mmoja, bila fundo. Kwa pamba nene tumia bandi ya mshazari: sindano inachukua sm 1 kwa mlalo, inashuka sm 4, inachukua tena, na uzi wa juu unalala kimshazari. Inashika eneo pana zaidi na inavumilia kukunjwa.

Uzi uwe mweupe au wa rangi hafifu. Uzi mwekundu au mweusi huacha nyuzinyuzi za rangi kwenye matundu, na kwenye pamba nyeupe hazitoki.

Magoti yakikataa sakafu, kuna njia iliyoenezwa na Sharon Schamber wa Marekani: mbao mbili ndefu kuliko upana wa kwilti, bitana ikizungushwa kwenye moja na uso kwenye nyingine. Unazifungua kidogo kidogo juu ya meza ya kawaida, pamba ikiwa kati, na kupiga bandi sehemu iliyo mbele yako tu. Kasoro yake moja ni kwamba uso na bitana visipozungushwa kwa mnyoofu tangu mwanzo, kosa hukua kadiri unavyofungua.

Matatizo ya pini zenyewe

Pini zinaacha madoa ya kahawia. Ni kutu, na Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, penye hewa ya chumvi, inaweza kuanza mapema sana. Jaribu pini moja kabla ya kuzitumia zote: ilaze juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi hadi asubuhi. Ikiacha alama, pakiti nzima haifai. Doa la kutu litie maji ya ndimu na chumvi, lianike juani, kisha suuza. Rudia, lakini jaribu kwanza kwenye kona ya kitambaa cha rangi. Dawa ya kung'arisha yenye klorini usiiguse, inalikomaza doa.

Matundu yanabaki. Pini ni nene au ncha imepinda. Zinazofaa ni za kupinda mgongo, namba 1 (milimita 27) kwa pamba nyembamba na namba 2 (milimita 38) kwa pamba nene. Za nepi ni nene mno.

Bitana inapanda na kukunjika pini zinapofungwa. Umefunga kila pini pale ulipoichoma. Choma zote kwanza na uziache wazi, ukianza katikati. Zikishajaa kwilti nzima na tepu bado iko, ndipo uzifunge. Egemeza ncha ya pini kwenye mfereji wa kijiko cha chai na usukume kichwa chake. Vidole havitachubuka na kitambaa hakitainuliwa.

Pini zimeshika zulia. Tandaza kwenye kigae.

Gundi ya kupuliza: inaachia, au inashika mno

Gundi ya muda ya vitambaa inaokoa saa nyingi, na kwa kwilti isiyozidi sm 120 hatuna pingamizi nayo. Kwa kubwa zaidi, ni vigumu kusahihisha wimbi la katikati bila kubandua nusu ya kazi.

Tabaka likiachia siku ya pili, gundi ilipulizwa kwa mbali mno, au kitambaa kilikuwa na unyevu au wanga wa kiwandani ambao haukufuliwa. Umbali ni sm 25 hadi 30. Puliza kwenye pamba, usipulize kwenye kitambaa. Kunja pamba nusu, puliza nusu hiyo, ilaze na kuilainisha kutoka katikati, kisha nusu ya pili. Ndipo uje kwenye uso. Kuzunguka kingo weka pini kila sm 15, kwa sababu kingo ndizo zinazoshikwashikwa.

Sindano ikinata, uzi ukichanika na mishono kurukwa, gundi imezidi. Futa sindano kwa kitambaa chenye spiriti kila unapobadilisha uzi wa chini, na weka sindano namba 90. Kwilti yenyewe uifue baada ya kushona. Gundi isiyofuliwa hukamata vumbi na kutia umanjano.

Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi, mbali na jiko la mkaa, la gesi au sigara. Gesi inayosukuma gundi hiyo inashika moto.

Wapo wanaotumia gundi nyeupe ya shule, mistari myembamba ikikaushwa kwa pasi. Inafaa kama inafulika. Gundi ya mbao inafanana nayo kwa macho na kwa harufu, na haitoki kamwe. Weka tone kwenye kitambaa kibovu, likaushe, lifue, ndipo uamini.

Pamba inaleta shida

Pamba iliyotoka kwenye mfuko ina mikunjo, na mikunjo hiyo ikipigwa bandi inabaki kuwa mabonde. Ifungue siku moja kabla. Ikikataa, inyunyizie maji kidogo na uiache ikauke ikiwa imelazwa. Poliesta usiipige pasi ya moto wa pamba, inayeyuka na kuwa karatasi.

Ukiunga vipande viwili vya pamba, usivipandanishe. Vikutanishe ukingo kwa ukingo na uvishone kwa mkono kwa mishono mipana ya kwenda na kurudi. Kupandanisha kunaleta tuta ambalo pini haziwezi kulitandaza.

Pamba ya magodoro na sufi, hata zikichambuliwa vizuri, hazina kitu kinachozishikanisha. Bandi itashika uso na bitana, nazo zitahama katikati hadi zikusanyike pembeni. Kama huna nyingine, zifungie kati ya marikani mbili nyembamba, upige bandi kila sm 5, na mishono ya kudumu iwe karibu hivyo hivyo.

Poliesta nene ya kufura, yenye sm 2 au zaidi, haiendani na cherehani ya nyumbani, bandi ziwe ngapi vile. Ifunge kwa vifundo vya uzi imara kila sm 10.

Nywele za pamba zikichomoza kwenye uso, usizivute. Kila unayoivuta inaleta nyingine. Zikate kwa mkasi au zirudishe kwa sindano. Mara nyingi kitambaa kimefumwa kwa kuachana au sindano ni butu.

Baada ya kufua

Kunyanzi ndogo ndogo zilizosambaa sawasawa ni pamba iliyopungua. Pamba halisi hupungua asilimia 3 hadi 5, na wengi wanaupenda mwonekano huo. Kunyanzi upande mmoja tu ni kitambaa kimoja kilichopungua kuliko wenzake, kwa kawaida bitana mpya iliyowekwa bila kufuliwa pamoja na uso wa viraka vilivyokwisha fuliwa. Fua vyote au usifue chochote.

Kitenge kilichouzwa kama pamba kumbe ni poliesta nacho huleta hali hiyo, kwani hakipungui. Chomoa nyuzi chache na uziwashe: pamba huungua na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka na kuwa punje ngumu.

Rangi nyekundu na za buluu nzito hutoka. Bana kipande kilicholoweshwa ndani ya kitambaa cheupe kwa saa moja kabla ya kukishona. Kama imeshatoka na kuingia kwenye viraka vyeupe, usiianike wala kuipiga pasi, maana joto la pasi linaifunga. Iloweke mara moja kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni ya maji, kwilti yote ikiwa imezama, kwa muda wa saa 12. Maji yakibadilika rangi, yamwage na urudie hadi yawe safi. Pamba ya ndani itapungua zaidi kwa maji hayo, lakini viraka vyeupe vina nafasi nzuri ya kurudi.